Manda Bi: Karatasi Ambayo Ibrahima Dieng Hakuweza Kuisoma

Katikati ya miaka ya 1960 jumba la uchapishaji la Présence Africaine, mjini Paris, lilitoa kitabu kimoja chenye novela mbili za Sembène Ousmane, mwandishi wa Senegali. Ya pili kati ya hizo inaitwa Le Mandat, yaani hawala ya fedha. Ni kisa cha mtu mzima wa Dakar, Ibrahima Dieng, aliyeletewa karatasi ya posta yenye thamani ya faranga 25,000 asiweze kuigeuza kuwa fedha. Kisa kimeandikwa kwa Kifaransa, na Dieng hajui kusoma Kifaransa. Jambo hili laweza kuonekana dogo, kwani vitabu vingi vya Afrika vimeandikwa kwa lugha wasizozijua wahusika wake, na wasomaji wamekwisha kuzoea. Lakini hapa, ambapo kila dhiki yatokana na karatasi isiyosomeka na mwenyewe, kitabu nacho chageuka kuwa karatasi moja zaidi ya namna ile ile. Lau Dieng angekabidhiwa novela inayomhusu, angelazimika kwenda nayo kwa mwandishi wa barua pale posta, amlipe, ndipo asomewe.

Mwaka 1968 Sembène mwenyewe aliigeuza novela hiyo kuwa filamu, akaiita Mandabi. Wapimao filamu iliyotokana na kitabu aghalabu hukaa na kitabu pajani wakihesabu: hili limeachwa, hili limeongezwa, huyu amefanywa mwema kuliko alivyoandikwa. Kwa hesabu hiyo Mandabi haina kesi kubwa ya kujibu. Mtunzi ni yule yule, mkondo wa kisa ni ule ule, na fedha ni zile zile. Linalostahili kupimwa ni jingine: je, filamu imelilipa deni ambalo kitabu, kwa lugha yake, kilikuwa kikiwiwa na watu kinaowasimulia?

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Dieng hana kazi kwa muda mrefu. Ana wake wawili, Mety na Aram, ana watoto wengi, na ana heshima kubwa mtaani ambayo haina mfuko nyuma yake. Abdou, mpwa wake anayefagia barabara za Paris, anamtumia hawala. Katika zile 25,000, faranga 20,000 ni za kumwekea Abdou mwenyewe. 3,000 ni za mama yake Abdou, ambaye ni dada yake Dieng. Na 2,000 tu ndizo za Dieng. Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa zaidi: Dieng hakupewa mali, amepewa amana. Lakini mtaa hauioni amana, unaziona 25,000. Kabla hajaishika hata noti moja, wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani kwa Mbarka, na majirani wanamiminika, kila mmoja na haja yake. Posta wanataka kitambulisho. Polisi, ili watoe kitambulisho, wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa, ili watoe cheti, wanataka tarehe, naye Dieng alijualo ni kwamba alizaliwa mnamo mwaka 1900 hivi. Vito vya dhahabu vya Aram vinawekwa rehani. Kwa mpiga picha, Dieng analiwa fedha na kutoka na damu puani. Mwishowe Mbaye, bwana wa suti na gari, anaandikishiwa hati ya uwakala, anazichukua fedha zote posta, na kumrudia mwenyewe na hadithi ya kuibiwa, pamoja na gunia la mchele la kumfuta machozi.

Sembène alikuwa na sababu za kuyajua haya. Alizaliwa Ziguinchor, katika Casamance, mwaka 1923. Hakwenda mbali na shule. Alikuwa askari katika jeshi la Wafaransa, kisha kuli wa bandarini Marseille, na humo ndimo alimojifunza uandishi. Les bouts de bois de Dieu, riwaya yake ya mgomo wa wafanyakazi wa reli, ilitoka mwaka 1960 na kumpa jina. Aliporejea Afrika akatambua kwamba wale aliowaandika hawakuwa wakimsoma. Alikuwa amekaribia miaka arubaini alipokwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu, akaanza na Borom Sarret mwaka 1963, filamu fupi ya mwenye mkokoteni wa farasi, kisha La Noire de... mwaka 1966. Katika zote mbili sauti inayobeba kisa ni ya Kifaransa. Mwenye mkokoteni wa Dakar anamfikiria farasi wake kwa Kifaransa. Yule msichana mtumishi kule Ufaransa, ambaye masaibu yake yote ni kuwa miongoni mwa watu wasiomsikia, anajililia kwa lugha ya mabwana zake. Filamu hizo ni nzuri, tena nzuri sana, lakini deni lilikuwa bado limesimama.

Jina la filamu ya mwaka 1968 ni mahali pema pa kuanzia. Manda ni neno la Kifaransa, mandat, lililokatwa ncha na kulainishwa na ndimi za Dakar. Bi ni kibainishi cha Kiwolof, ambacho hukaa baada ya nomino na kusema kwamba kitajwacho ni kile kinachojulikana. Manda bi: ile hawala, hawala yenyewe, ile ambayo mtaa mzima umekwisha kuisikia. Katika kijineno kile cha mwisho wamo Mbarka na majirani na wadai wote. Jina la Kifaransa, Le Mandat, nalo lina kibainishi chake, lakini limebaki neno la posta, safi kama lilivyotoka kwenye fomu. Katika mandabi zaonekana alama za meno ya watu waliolitafuna. Mfasiri yeyote aliyewahi kuhangaika na neno la kigeni, asijue alisilimishe au aliache na dini yake, atatambua kwamba Sembène hapa hakutafsiri jina la kitabu chake. Alikwenda kulichukua walikokuwa wakilitumia wenyewe.

Jambo kubwa zaidi linasikika tunapoingia ofisini. Katika kitabu watu wote wanasema Kifaransa, maana ukurasa hauna lugha nyingine. Dieng akizungumza na mkewe, ni Kifaransa. Karani akimkaripia Dieng, ni Kifaransa hicho hicho, wino huo huo, herufi zile zile. Mwandishi anaweza kutuarifu kwamba karani alibadili lugha, nasi tukamwamini, lakini sikio la msomaji halikugonga ukuta wowote. Katika Mandabi ukuta unasikika. Kiwolof kinatiririka uani, dukani, njiani. Kisha Dieng anasimama mbele ya dirisha la ofisi, na lugha inapoa ghafla. Makarani wanateleza kutoka Kiwolof kuingia Kifaransa kama mtu anayevuta pazia. Mtazamaji wa Dakar mwaka 1968 hakuhitaji kuelezwa kilichotokea. Alikuwa amekwisha kufungiwa pazia hilo usoni mara nyingi. Na mtazamaji wa nchi nyingine, hata akisoma tafsiri chini ya picha, anaisikia sauti ikibadilika, anaona mabega ya Dieng yakishuka.

Hapa pana jambo ambalo wahakiki wengi hulipita mbio. Sehemu ya fedha za kuitengeneza filamu hii ilitoka Ufaransa, na Sembène akapiga matoleo mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiwolof. Nyuso ni zile zile, nyumba ni zile zile. Ni mara chache katika historia ya sanaa kupatikana mizani kama hii, ambamo lugha peke yake ndiyo iliyobadilishwa. Dieng na karani wakisema Kifaransa wote wawili, pazia halina tena pa kuvutwa. Kinachobaki ni kichekesho cha mzee mzito wa akili na ofisi yenye watumishi wavivu, kichekesho ambacho chaweza kuwekwa mji wowote duniani. Kikisemwa Kiwolof, ni kisa cha mwananchi anayekuwa mgeni kila apandapo ngazi za serikali yake mwenyewe, miaka minane tu baada ya uhuru wa mwaka 1960. Walioikumbuka filamu hii baadaye waliikumbuka kwa jina lake la Kiwolof, na si kwa bahati.

Isisahauliwe pia kwamba kumwita Dieng asiyejua kusoma ni kuyapokea maneno ya ofisi bila ya kuyauliza. Dieng ni Mwislamu wa sala tano. Kiwolof, kama Kiswahili, kina mapokeo ya kuandikwa kwa herufi za Kiarabu; hati hizo huitwa Wolofal, na washairi wakubwa kama Serigne Moussa Ka walitunga kwazo beti nyingi zinazoghaniwa hadi leo. Wakoloni wa Kifaransa waliwahesabu watu wa elimu hiyo pamoja na wajinga, kama walivyofanya wenzao wa Kiingereza na Kijerumani katika pwani hii. Filamu haisemi lolote juu ya Wolofal. Lakini namna Dieng anavyotembea, na kanzu yake pana iliyonyooshwa, na wakati anaochukua katika maamkizi, ni mambo ya mtu aliyetoka katika ustaarabu wenye adabu yake, na ni adabu hiyo hiyo inayomponza. Hajui kumkatiza mtu maneno. Hajui kukataa.

Tofauti moja ya kisanaa inatosha kuonesha kwamba Sembène aliifikiria kazi yake upya. Kitabu kinaanza na tarishi wa posta, jasho likimtiririka, akiingia uani na habari ya hawala. Yaani karatasi inatangulia, mtu anafuata. Filamu inaanza na Dieng akinyolewa na kinyozi wa nje, chini ya jua. Kamera inakaa karibu mno: wembe juu ya kipara, kisha wembe ndani ya tundu la pua, kwa upole unaomfanya mtazamaji azuie pumzi. Hakuna hawala bado, wala dhiki. Pana mwili wa mtu mzima uliojikabidhi kwa mkono wa mwingine bila ya wasiwasi. Baada ya hapo, kila mkono utakaomgusa Dieng utakuwa wa kumpora, na yeye atajikabidhi kwa namna ile ile, uso juu, macho yamefumbwa nusu. Kitabu hakina picha ya namna hiyo. Kina mambo mengine, lakini hiyo hakina.

Kisha kuna kula. Mwandishi akisema kwamba mtu amekula akashiba mchele wa mkopo, ni sentensi moja. Sembène katika filamu anamwacha Dieng ale, na kula, na kucheua, na kunawa, na kulala, hali sisi tunajua kwamba mchele ule haujalipiwa na ya kwamba yeye hana habari. Makhouredia Guèye, aliyemwigiza Dieng, ana uso ambao unaweza kuwa wa sultani na wa mtoto kwa wakati mmoja. Wengi wa wenzake hawakuwa waigizaji wa kazi. Nao wanasema kama watu wasemavyo nyumbani, wakiingiliana maneno, wakitafuta neno, wakiliacha njiani.

Wanawake ndio waliofaidika zaidi na safari hii kutoka kitabuni. Mety na Aram wa novela wana akili na wana ulimi, lakini twawasikia kwa hisani ya msimulizi. Katika filamu wapo hata pale wasiposema. Mety akisimama kando ya mlango mume wake anapojigamba mbele ya wageni, jicho lake limekwisha kuzihesabu zile 25,000, limezigawa, na limeona kwamba hazitoshi. Ni wao walioupeleka mtaani uvumi kwamba Dieng ameibiwa fedha zote ili wadai wamwachilie, hila ambayo ndiyo busara pekee ya kiuchumi katika kisa kizima. Na kuna neno moja ambalo humpa mfasiri kazi. Katika novela Mety humwita mume wake Nidiaye. Neno hili kwa Kiwolof ni mjomba, kaka wa mama. Nalo ndilo la heshima ambalo mke humwitia mume. Kifaransa hakiwezi kulibeba bila ya kulieleza. Kiswahili nacho kitajikwaa, kwani mke wa Unguja au wa Lamu akimwita mumewe mjomba, majirani watatoka nje kusikiliza kuna nini. Kwa Mwolofu neno hilo halina haja ya maelezo. Tena lina jambo jingine ndani yake: Abdou wa Paris ni mtoto wa dada, na Dieng kwake ni mjomba hasa. Neno linalomtukuza Dieng chumbani ndilo linalomfunga kwa amana ya mpwa wake. Kwa lugha nyingine uzi huo hukatika, na msomaji asijue kwamba ulikuwapo.

Kuhusu barua ya Abdou, kitabu na filamu vimeshindana kwa haki. Dieng anasomewa na mwandishi wa barua pale posta, kwa malipo, mbele ya watu. Katika kitabu twaisikia barua kama Dieng anavyoisikia, na hatuoni chochote ila maneno. Paris inabaki mji wa kusimuliwa. Filamu inatupeleka kule, tukamwona Abdou akifagia kando ya barabara huku sauti ikiendelea na salamu kwa jamaa wote. Pana faida: tunaiona ile 25,000 ilikotoka, tunaiona katika ufagio. Pana hasara pia. Dieng haioni Paris, nasi tumeiona, na kwa dakika chache tumepanda juu yake, tunamtazama kutoka juu kama wanavyomtazama makarani. Hapa kitabu, kwa uchache wa maneno yake, kilikuwa na insafu zaidi.

Nao udhaifu wa filamu haukuishia hapo. Hii ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Sembène kupigwa yote kwa rangi, na rangi ina ubaya wake: kanzu zinang'ara, kuta zinang'ara, hata mchanga wa njiani umevaa vizuri, na kuna nyakati njaa ya mtaa huu inapendeza kupita kiasi. Mbaye pia amepungua. Katika kitabu anatisha kwa kuwa ni mchangamfu. Anamwibia mzee huku akimkirimu, na kwa kurasa kadhaa mtu anaweza kuamini kwamba msaada umefika. Katika filamu suti yake na gari lake vimekwisha kumsomea hukumu kabla hajafungua kinywa. Mtazamaji anajua. Dieng peke yake ndiye asiyejua, na mzaha wa namna hiyo, ukirefushwa, hugeuka ukatili.

Mwisho wa kisa ni mgumu katika vyote viwili. Dieng amerudi mikono mitupu, ila ule mchele, naye anatangaza kwamba uaminifu umekuwa kosa katika nchi hii na kwamba yeye pia atakuwa mwizi na mwongo kama wengine. Tarishi, yule yule aliyeileta hawala, anamjibu kwamba mambo haya yatabadilishwa, na atakayeyabadilisha ni Dieng mwenyewe pamoja na wenziwe. Katika kitabu jibu hilo lasomeka kwa haraka, karibu na kunong'ona, kama mtu anayesema jambo asilokuwa na hakika nalo. Katika filamu lina uzito wa hotuba. Sembène alikuwa mtu wa chama na wa mgomo, na mwaka 1968 Dakar ilikuwa imechemka, wanafunzi na wafanyakazi wamegoma mwezi Mei. Si ajabu kwamba alitaka neno hilo lisikike hadi kiti cha nyuma. Lakini uso wa Guèye, hapo anaposikiliza, haukubali upesi kama muswada unavyotaka, na uso huo ndio wa kuuamini.

Kwa mizani ya deni basi, filamu imelipa, tena kwa riba, licha ya Mbaye na licha ya rangi. Kitabu kimebaki kazi safi ya fasihi, chenye kejeli nyembamba zaidi na huruma isiyoonekana haraka. Filamu imefanya lile ambalo kitabu hakikuweza kulifanya hata kingaliandikwa vizuri mara mia: Dieng angaliweza kukaa katika ukumbi wa sinema wa Dakar akajielewa toka mwanzo hadi mwisho bila ya kumlipa mtu.

Walioelewa uzito wa jambo hili hawakuwa watazamaji peke yao. Rais wa Senegali wakati huo alikuwa Léopold Sédar Senghor, mshairi mkubwa wa Kifaransa, ambaye baadaye, mwaka 1983, aliteuliwa kuingia katika Académie française. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sembène, pamoja na mwanaisimu Pathé Diagne, alianzisha gazeti la Kiwolof liitwalo Kaddu. Kisha akatengeneza Ceddo, filamu nyingine ya Kiwolof, nayo ikazuiwa nchini mwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia, kwamba jina lake limeandikwa kwa d mbili ilhali sheria ya serikali ilitaka moja. Wapenda ushairi watalitazama tukio hilo kwa jicho la pekee: mshairi na mwandishi, wote wawili mabingwa wa Kifaransa, wanagombana juu ya herufi moja ya Kiwolof. Sembène alifariki Juni 2007, na hakuikubali d moja.

Kisa cha Dieng kilifika pia kwenye Kiswahili. Amandina Lihamba, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, Hawala ya Fedha, uliochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Jina hilo limekaa vyema, pengine vyema mno. Hawala ni neno la Kiarabu lenye umri mkubwa kuliko posta yoyote, na biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa ikilitumia kabla Mzungu hajafungua dirisha la kuuzia stempu. Halina alama za meno kama manda bi. Tena Tanzania ya mwaka 1980 karani na raia walikuwa wakisema lugha moja. Pazia la Dakar, lile la kuteleza kutoka lugha hadi lugha, halina pa kutundikwa katika ofisi ambayo maamkizi yake, matusi yake na fomu zake ni za Kiswahili. Anayekihamishia kisa hiki upande huu wa Afrika hana budi kuutafuta ukuta kwengine: katika muhuri, katika kiti kisicho na mtu chenye koti mgongoni, na katika yale maneno mawili ambayo kila Mswahili ameyasikia dirishani, yakisemwa kwa lugha yake mwenyewe na kwa adabu kamili, njoo kesho.